HASARA YA GARI ISIGEUKE UGONJWA



Wapendwa wasomaji, huenda mtashangaa kuona habari za magari katika ukurasa wa afya. Tumezoea kuwaandikia juu ya malaria, chanjo, lishe ya watoto na maji safi. Lakini sisi wauguzi tunasikia mengi wakati tunapima presha. Mtu anakuja na kichwa kinachouma kila siku. Hapati usingizi, tumbo linawaka moto, moyo unamwenda mbio. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu. Ukimwuliza taratibu, "Nyumbani kuna nini?", ananyamaza kidogo, kisha anasema, "Sista, ni lile gari."

Amenunua gari lililotumika, nalo limekufa injini kabla hata majirani hawajamaliza kumpongeza. Au ameuza la kwake kwa bei ya kutupa kwa sababu ada ilikuwa inadaiwa, na sasa hana gari wala fedha. Hasara ya namna hii inaingia katika nyumba nyingi za waamini wetu, na isipoangaliwa inaingia mpaka kwenye mishipa ya damu.

Kwa nini fedha inapotea?

Magari mengi yanayonunuliwa na familia zetu hapa Tanzania yalikwisha kutumika Japani kabla ya kupakiwa melini. Wajapani huendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, ndiyo maana magari yao yanatufaa. Likifika bandarini gari hulipiwa ushuru na kodi, na likiwa la zamani hutozwa zaidi kwa ajili ya uchakavu. Baadaye huingia faida ya mwenye yadi na fedha ya dalali. Yote hayo yamo katika bei unayolipa, lakini siku ya kuuza hakuna atakayekurudishia.

Tukiangalia vizuri, hasara ni za aina tatu, na kila moja ina dawa yake.

Ya kwanza ni hasara ya uchakavu. Gari si shamba. Shamba hupanda thamani, gari hushuka tangu siku ya kwanza. Tuchukue mfano. Mtu amenunua gari kwa shilingi 12,000,000. Kwa miaka miwili ametengeneza kwa 1,900,000, na bima pamoja na kubadili umiliki vimechukua 600,000. Jumla ni 14,500,000. Akiuza kwa 8,500,000, zimepungua 6,000,000, yaani 250,000 kwa kila mwezi. Hapo hatujahesabu mafuta. Kama gari lilipeleka watoto shule na mama sokoni, fedha hiyo haikuibwa. Ni nauli ya familia. Asiyejua hesabu hii atalia kana kwamba ameporwa.

Ya pili ni hasara ya haraka. Mnunuzi anaambiwa, "Kuna mtu mwingine anakuja jioni na fedha mkononi," naye anatoa fedha bila kuita fundi. Muuzaji naye ana mgonjwa au deni, dalali anaona shida yake usoni na kushusha bei.

Ya tatu ni hasara ya udanganyifu. Kilomita zimerudishwa nyuma. Gari lililopinduka limejazwa puti na kupakwa rangi mpya. Kadi imewekwa rehani kwa mkopeshaji, na muuzaji anaonyesha nakala tu.

Mwili unafanya nini mtu akipata hasara?

Mungu ametuumba na mwili unaojilinda. Tukipata mshtuko, mwili hutoa kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga haraka, presha hupanda, sukari huongezeka katika damu. Hiyo inafaa kama unakimbia nyoka. Lakini anayewaza gari usiku na mchana kwa miezi mingi anaishi kama mtu anayekimbia nyoka asiyeisha. Mwenye presha au kisukari ndiye anayeumia zaidi.

Kuhusu tumbo, tunaomba tuwasahihishe wengi. Watu husema mawazo yamewapa vidonda vya tumbo. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba vidonda vingi vinatokana na bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na diklofenaki. Mawazo yanaweza kuzidisha maumivu, lakini anayemeza diklofenaki kila siku kwa sababu kichwa kinamuuma kwa mawazo anajichimbia kidonda mwenyewe, tena dawa hiyo hupandisha presha. Njoo upimwe. Vidonda vya bakteria vinatibika.

Tulimpokea baba mmoja wa miaka hamsini na kitu, mwenye presha ya siku nyingi. Aliuza ng'ombe na kuchukua mkopo wa SACCOS, akanunua basi dogo lililotumika ili lipakie abiria. Mwezi wa tatu gia boksi ilikufa. Akanunua nyingine, ya mtumba nayo, ikadumu wiki sita. Fedha ya dawa zake ikaenda kwa fundi. Alijisemea kwamba gari likianza kazi atanunua dawa za miezi mitatu kwa mpigo. Kwa kuwa presha mara nyingi haina dalili, aliona yuko sawa. Asubuhi moja mkono na mguu wa kulia havikuinuka, na mdomo ukapinda.

Mkewe alituambia wodini, "Sista, gari lipo nyumbani juu ya mawe, na mume wangu yupo hapa kitandani."

Baba huyo hakupona kabisa. Leo anatembea kwa fimbo na maneno yanatoka kwa shida. Dawa zote alizoacha kununua zilikuwa za bei ndogo kuliko tairi moja ya lile basi.

Pima gari kabla ya kununua

Kinga ni bora kuliko tiba. Mgonjwa akija hatumpi dawa kwa kumwangalia sura. Tunamwuliza historia na tunampima. Na gari vivyo hivyo:

1. Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji wala wa dalali. Mlipe ujira wake hata kama hutanunua.

2. Fika asubuhi injini ikiwa ya baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika huficha ugonjwa wake. Angalia moshi. Wa bluu ni oili inayoungua. Mweupe usiokoma, injini ikisha kupata moto, huonyesha maji yanaingia ndani. Mweusi ni mafuta yanayozidi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ujue imechanganyika na maji.

3. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zile zilizo katika kadi. Omba kadi halisi, usikubali nakala. Hakikisha mamlaka ya mapato inamtambua huyo anayekuuzia, na uulize kama gari linadaiwa faini za barabarani.

4. Usiamini kilomita peke yake. Angalia kanyagio za breki na gia, usukani na kiti cha dereva. Vikiwa vimelika sana na kilomita ni chache, kuna jambo.

5. Angalia tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne zinazoonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi yaweza kuwa na meno mazuri lakini mpira umezeeka na una nyufa. Jaribu breki, na mikanda ya viti vyote. Hapa si suala la fedha tu, maana tairi iliyopasuka njiani huletwa kwetu pamoja na majeruhi.

6. Lipa kupitia benki, na mwandikiane mkataba mbele ya wakili. Badilisheni umiliki mara moja.

7. Usitumie fedha yote katika kununua. Bakiza sehemu kwa ajili ya matengenezo ya miezi ya kwanza, kwani hayakosekani. Bwana wetu alifundisha habari za mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba kwanza huketi na kuhesabu gharama. Aketi pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Magari mengi yanayoleta ugomvi ni yale yaliyonunuliwa kwa siri.

Na wewe unayeuza

Usingoje mpaka shida ifike shingoni. Kama unaona ada ya mwezi wa kwanza itakusumbua, anza kutafuta mnunuzi mapema, uulize bei kwa watu watatu au wanne. Usimwachie mnunuzi gari likiwa bado katika jina lako. Akigonga mtu au akiandikiwa faini, wewe ndiye utakayetafutwa.

Tena sema ukweli. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inahesabu udanganyifu katika biashara, na kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwenzako, kuwa ni kuvunja amri ya saba. Anayeficha ufa wa injini kwa oili nzito ili apate mnunuzi hakufanya ujanja, ameiba. Na namba 2412 inafundisha kwamba haki inadai kurudisha kilichoibwa. Kama gari linachemsha, liseme, na bei ipungue. Huenda unayemficha ni jirani yako wa Jumuiya Ndogo Ndogo.

Hasara ikisha kutokea

1. Sema nyumbani. Mwambie mwenzi wako siku ile ile, kiasi chote bila kupunguza. Siri ndiyo inayokosesha usingizi.

2. Acha kumwaga fedha juu ya fedha. Wengi husema, "Nimekwisha kutumia mengi, siwezi kuliacha sasa." Fedha iliyokwenda imekwenda. Mwambie fundi aandike kazi zote zilizobaki na gharama yake. Linganisha na bei ambayo gari litauzika likisha kutengenezwa, na ile ya kuliuza lilivyo. Amueni mara moja, wote wawili.

3. Kuna fedha zisizoguswa kwa ajili ya gari: dawa, chakula, bima ya afya na ada. Mwenye presha au kisukari asiruke hata siku moja.

4. Usikimbilie mikopo ya riba kali inayoitwa kausha damu. Waliompa jina hilo hawakukosea. Nenda SACCOS uliko mwanachama, ueleze hali yako, uombe kupangiwa upya marejesho.

5. Pombe haileti usingizi wa kweli. Inakuamsha saa nane usiku na mawazo yale yale, na presha juu. Tembea kwa miguu nusu saa kila siku. Lala na uamke saa zile zile.

6. Pima presha. Keti utulie dakika tano kabla ya kupimwa. Kipimo kimoja hakitoshi kusema una ugonjwa, lakini ikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, unahitaji matibabu. Maumivu ya kubana kifuani pamoja na jasho, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kukwama ni dharura. Usingoje asubuhi.

7. Kama ulidanganywa, peleka mkataba na risiti polisi au kwa wakili. Usimfuate mtu kwa panga. Fedha inaweza kurudi, uhai haurudi.

Ndugu wa karibu wafanye nini?

Msimcheke. Maneno kama "tulikuambia" hayatengenezi injini. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi bila raha, hali vizuri, halali, hajali kazi wala ibada, na kusema yeye ni mzigo kwa familia, huo si uvivu wala upungufu wa imani. Yaweza kuwa ni ugonjwa wa sonona, nao una tiba. Mwulize wazi kwa upole kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo baya kichwani. Mara nyingi linamfungulia mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, msimwache peke yake, ondoeni dawa za mifugo na za shambani mahali anapoweza kuzifikia, na mleteni hospitali siku hiyo hiyo. Padre na viongozi wa jumuiya wamtembelee pia, kwani sala na matibabu havigombani.

Wapendwa, gari ni chombo cha kutusaidia. Likifa, fundi atapata vipuri. Baba au mama akianguka kwa kiharusi, hakuna duka tunaloweza kuwaelekeza. Mwezi huu, kila mwenye deni au hasara inayomsumbua, pamoja na mwenzi wake, afike zahanati iliyo karibu apime presha. Ni kazi ya dakika chache.

Tukutane tena mwezi ujao katika ukurasa huu. Mungu awabariki na kuwalinda njiani.