Kwa Nini Kura 31 Hazikutosha Kumwondoa Gavana

Oktoba 2, 2024, wawakilishi wadi 31 wa Bunge la Kaunti ya Kericho waliunga mkono hoja ya kumwondoa mamlakani Gavana Erick Mutai. Oktoba 14, Seneti iliitupilia mbali hoja hiyo. Mkazi wa Litein ana haki ya kuuliza: ikiwa wengi walikubaliana, mbona haikutosha?

Jibu limo katika hesabu. Sehemu ya 33 ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka theluthi mbili ya wanachama wote wa Bunge, si ya waliohudhuria pekee. Bunge la Kericho lina wanachama 47: 30 waliochaguliwa katika wadi, saba kati yao kutoka Bureti, na 17 walioteuliwa. Theluthi mbili ya 47 inazidi 31 kidogo, na kwa kuwa mtu hagawanyiki, kura zinazohitajika ni 32.

Kiwango hicho kinalinda uamuzi wa wapiga kura wa kaunti nzima, usifutwe kwa sababu ya ugomvi wa kisiasa. Kuna kinga nyingine pia.

Kwanza, sababu. Kifungu cha 181 cha Katiba kinataja nne tu: kukiuka sana Katiba au sheria nyingine, kuwepo sababu nzito za kuamini kuwa gavana ametenda uhalifu, kutumia vibaya mamlaka au utovu mkubwa wa nidhamu, na kutojiweza kimwili au kiakili.

Pili, hatua. Hoja huhitaji kuungwa mkono na angalau theluthi moja ya wanachama ndipo iwasilishwe. Ikipita, Spika wa Bunge humjulisha Spika wa Seneti katika siku mbili. Seneti huitishwa katika siku saba kusikiza mashtaka, na gavana ana haki ya kujitetea. Wakati huo wote anaendelea na kazi, hivyo huduma kama za Hospitali ya Kapkatet hazipaswi kusimama.

Tatu, uamuzi. Gavana huondoka tu iwapo wengi wa wanachama wote wa Seneti wanathibitisha mashtaka. Wasipothibitisha, mashtaka yayo hayo hayawezi kurudishwa Seneti kabla ya miezi mitatu.

Agosti 15, 2025, hoja ya pili ilipita kwa kura 33. Seneti iliitupa Agosti 29, baada ya mabishano kuhusu iwapo kura hizo zilifikia kiwango cha sheria.

Kinga hizi hazimfanyi gavana asiguswe. Zinataka mashtaka yathibitishwe. Mwananchi naye ana nafasi yake: Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka Bunge la Kaunti liwashirikishe wananchi katika shughuli zake. Kikao cha maoni kinapoitishwa, mkazi anaweza kufika, kusoma mashtaka na kutoa maoni yake, akiyaunga mkono au akiyapinga.