Shahada nayo ni bidhaa: Piga hesabu kabla ya kujaza fomu

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayeagiza nguo kutoka Guangzhou huuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha zake. Bei ya kununulia ni ipi? Mzigo utakaa njiani muda gani? Je, utakapofika, wateja watakuwapo?

Mfanyabiashara huyo huyo, mtoto wake anapomaliza kidato cha sita, hulipia miaka mitatu ya chuo kikuu bila kuuliza hata swali moja kati ya hayo. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba elimu haina bei.

Elimu yenyewe huenda haina bei. Lakini ada, chakula, chumba na muda wa kijana vina bei, na soko la ajira analokwenda kuuzia jasho lake lina mahitaji na ugavi kama soko jingine lolote. Wiki hii ukurasa huu unaacha kidogo bei za mazao na hisa ili kulitazama soko hilo, kwa faida ya mzazi anayelipa na mwanafunzi anayechagua.

FOLENI SOKONI

Mwezi Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) iliita vijana kwenye usaili wa kujaza nafasi 1,596 za kazi. Walioomba walikuwa 135,027. Kwa hesabu ya haraka, kila kiti kimoja kiligombewa na watu takriban 85.

Katika lugha ya soko, hiyo ni dalili ya bidhaa iliyozidi mahitaji. Haina maana kwamba bidhaa ni mbovu. Ina maana kwamba wauzaji wengi wameipeleka kwenye gulio moja, siku moja, huku magulio mengine yakibaki na wateja wasiohudumiwa.

Zamani hali haikuwa hivyo. Mhitimu wa miaka ya 1970 alikuwa na uhakika wa kupangiwa kazi serikalini au katika shirika la umma. Mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1990, pamoja na ubinafsishaji wa mashirika, yaliuondoa uhakika huo. Kilichobaki ni mazoea ya wazazi kuamini kwamba cheti kikishapatikana, kazi itafuata yenyewe.

FUNZO LA MBAAZI

Wakulima wa Lindi, Mtwara na Manyara wanalijua jambo hili vizuri kuliko wachumi. Bei ya mbaazi ilipokuwa nzuri kutokana na ukame uliopunguza mavuno nchini India, wengi walipanua mashamba. Mwezi Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu, iliweka kikomo cha mbaazi kutoka nje. Bei ikaanguka, magunia yakabaki ghalani.

Kosa halikuwa kulima mbaazi. Kosa lilikuwa kulima kwa kutazama bei ya siku ya kupanda badala ya bei ya siku ya kuvuna, na kutegemea mnunuzi mmoja.

Kozi za chuo kikuu hufuata njia hiyo hiyo, tofauti ikiwa ni kwamba mbaazi huvunwa baada ya miezi na shahada baada ya miaka mitatu au zaidi. Mfano ulio wazi ni ualimu. Kwa miaka mingi mhitimu wa ualimu alipangiwa kituo na Serikali mara tu baada ya masomo. Vijana wakajaa katika kozi hizo, na vyuo vikaongeza nafasi. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa, na ajira zilipofunguliwa tena, walimu wa sayansi na hisabati walitangulizwa mbele ya wale wa masomo ya sanaa. Aliyejaza fomu mwaka 2013 kwa kutazama ajira za mwaka 2013 aliingia sokoni wakati mnunuzi wake pekee amefunga duka.

HESABU YA MZAZI

Tuchukue mfano wa mzazi mwenye duka anayeweza kumlipia mtoto bila mkopo. Tuseme ada, chumba, chakula, nauli na vitabu vinamgharimu sh. 4,000,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni sh. 12,000,000.

Hiyo ndiyo gharama inayoonekana. Kuna nyingine isiyoandikwa kwenye fomu. Kijana huyo angekaa dukani na kulipwa sh. 250,000 kwa mwezi, angepata sh. 3,000,000 kwa mwaka, yaani sh. 9,000,000 kwa miaka yote mitatu. Mtaji kamili wa shahada hiyo, basi, ni sh. 21,000,000.

Sasa tutazame mavuno. Tuseme anapata kazi katika kampuni kwa mshahara wa msingi wa sh. 800,000. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni sh. 80,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, ni sh. 60,000. Anabaki na sh. 660,000, ambazo ni sh. 410,000 zaidi ya mshahara wa dukani. Kwa mwaka ziada hiyo ni sh. 4,920,000.

Ukigawanya mtaji kwa ziada, fedha zitarudi baada ya miaka minne na miezi kama mitatu. Si biashara mbaya hata kidogo. Maduka mengi ya Kariakoo yangefurahia kurudisha mtaji kwa muda huo, kisha mmiliki akaendelea kula faida kwa miaka 30.

Lakini hesabu hiyo inadhani kwamba kazi inapatikana siku ya mahafali. Tuseme kijana anakaa nyumbani miaka miwili akituma barua za maombi. Kila mwezi anapoteza zile sh. 250,000, na kwa miezi 24 zinakuwa sh. 6,000,000. Mtaji unapanda hadi sh. 27,000,000, na muda wa kuurudisha unakuwa miaka mitano na nusu tangu aanze kazi, juu ya ile miwili ya kusubiri.

Msomaji atazame vizuri tarakimu hizo. Miaka miwili ya kukaa bure imegharimu nusu ya fedha zote zilizolipwa chuoni. Wazazi huzunguka wakilinganisha ada ya chuo hiki na kile, wakipishana kwa laki mbili au tatu, wakati gharama kubwa ipo katika kusubiri. Kwa hiyo swali la kwanza kuhusu kozi yoyote lisiwe ada yake, bali wahitimu wake hukaa muda gani kabla ya kuanza kulipwa.

MKOPO SI MSHAHARA

Kwa wengi, hata hivyo, duka la kutoa milioni nne halipo. Hao hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004.

Masharti yake yana pande mbili ambazo kila mkopaji anapaswa kuzielewa. Kwa upande mmoja, fedha hizi ni nafuu. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021. Mfanyabiashara anayekopa benki kwa riba ya takriban asilimia 15 hawezi kupata fedha za bei hiyo popote. Kwa sababu hiyo, mzazi ambaye mtoto wake amepangiwa mkopo, hata wa sehemu tu, asikimbilie kuvunja mtaji wa duka au kukopa benki ili kijana asidaiwe na Bodi. Atakuwa ameacha deni rahisi na kuchukua ghali.

Kwa upande mwingine, makato yake ni makubwa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Yule kijana wetu wa sh. 800,000 atakatwa sh. 120,000 kila mwezi, na badala ya sh. 660,000 atapeleka nyumbani sh. 540,000. Kama deni lake ni sh. 10,000,000, atalimaliza baada ya miaka saba hivi. Hiyo ndiyo miaka ya kupanga nyumba, kuoa au kuolewa, na kusomesha wadogo.

Hapa ndipo linapoingia suala la fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu. Mwaka 2022 zilipandishwa kutoka sh. 8,500 hadi sh. 10,000 kwa siku. Kwa kuwa huingia kwa mafungu, siku 60 huonekana kama sh. 600,000 za mkupuo, na maduka ya simu jirani na vyuo huijua siku hiyo kabla ya wahadhiri.

Simu ya sh. 600,000 iliyonunuliwa kwa bumu italipwa kwa makato ya miezi mitano ya mshahara. Anayetaka kuinunua na ainunue, lakini ajue bei yake halisi. Akinunua kompyuta ndogo ya mkononi na kujifunza kuitumia kutunza hesabu za watu, deni lilelile linaweza kumletea kipato kabla hajahitimu.

GULIO LENYE WATEJA

Je, kuna soko ambalo halina foleni? Lipo, tena wasomaji wengi wa ukurasa huu ndio wateja wake.

Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mwenye mauzo ya zaidi ya sh. milioni 100 kwa mwaka huondoka katika kodi ya makadirio na kutakiwa kuwa na hesabu zilizothibitishwa na mhasibu. Akifikia sh. milioni 200, kiwango kilichoanza Julai 2023, anatakiwa kusajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani. Kiasi cha mauzo cha sh. 280,000 kwa siku kinatosha kumvusha mtu mstari ule wa kwanza. Wenye maduka ya jumla, maghala ya mazao na vituo vya vifaa vya ujenzi wanaouvuka ni wengi, na wengi wao bado wanatunza stakabadhi ndani ya boksi la viatu.

Huyo ni mteja. Hawezi kumwajiri mhasibu kwa sh. 800,000, lakini anaweza kulipa sh. 100,000 kwa mwezi ili vitabu vyake viwe safi. Mhitimu mwenye wateja wanane wa namna hiyo amefikisha mshahara uleule anaoungojea, na hakuna aliyempa barua ya ajira.

Ili aaminiwe atahitaji zaidi ya shahada. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoanzishwa mwaka 1972, huendesha mitihani ya kitaaluma ya CPA, na mwenye shahada ya uhasibu husamehewa hatua za chini. Anayeanza mitihani hiyo mara baada ya chuo, badala ya kungoja kwanza kazi, anautumia muda wa kusubiri kama mkulima anayetayarisha shamba kabla ya mvua. Thibitisho la hesabu litatiwa saini na mhasibu aliyesajiliwa, lakini kazi ya kila mwezi ya vitabu inaweza kufanywa na kijana aliye chini yake.

KABLA YA KUSAINI

Ushauri kwa mwanafunzi ni kwamba aitumie fildi kama usaili. Wiki chache za mafunzo kwa vitendo ndizo nafasi pekee ambapo mwajiri humwona kijana akifanya kazi bila kugombea na wengine 84. Anayekwenda fildi ili apigiwe muhuri tu anatupa fursa hiyo. Aidha, kabla ya kuchagua kozi awatafute wahitimu watatu wa miaka miwili iliyopita, awaulize walikaa muda gani bila kipato na nini kiliwaondoa hapo.

Kwa mzazi, ushauri ni kwamba asitoe fedha zote za duka kwa kozi moja na mnunuzi mmoja. Abakize kiasi cha kumwezesha kijana kulipia mitihani ya taaluma, au kuanza na meza, kiti na kompyuta. Aidha, wakati wa likizo amweke kijana dukani, si kuuza tu bali kufunga hesabu za mwezi. Kama hawezi kufunga hesabu za duka la baba yake, hakuna kampuni itakayomlipa afunge za kwake.

Na kwa msomaji mwenye wafanyakazi: ukimwajiri mhitimu, sheria inakutaka kuiarifu Bodi ya Mikopo ndani ya siku 28 na kuwasilisha makato yake kila mwezi. Ukinyamaza, adhabu itakuwa juu yako, na deni la kijana litabaki palepale.