Fundi Anapogeuka Mwalimu

Nchini Marekani serikali kuu imekuwa ikitoa fedha za elimu ya ufundi tangu sheria ya Smith-Hughes ya mwaka 1917, lakini leseni ya mwalimu hutolewa na jimbo, na kila jimbo lina masharti yake. California ni mfano mzuri. Huko fundi magari, mpishi au muuguzi anaweza kufundisha sekondari bila shahada ya chuo kikuu. Anachodaiwa hasa ni uzoefu. Anatakiwa awe na cheti cha kumaliza sekondari na miaka mitatu ya kazi katika fani yenyewe, mwaka mmoja ukihesabiwa kuwa saa 1,000 au zaidi. Tena uzoefu huo usiwe wa zamani mno, sharti la busara, kwani injini za leo si zile za juzi. Alama za vidole huchukuliwa ili rekodi zake za uhalifu zikaguliwe.

Leseni ya kwanza ni ya muda, miaka mitatu. Ndani yake fundi husomea ualimu huku akifundisha: kuandaa somo, kutuliza darasa, kupima wanafunzi. Akimaliza, hupewa leseni kamili, inayohuishwa kila baada ya miaka mitano.