Mawimbi na Mizabibu (3): Jiwe la Sam Isaacs

Kila mashindano ya dunia ya kuteleza mawimbini yanapofika Margaret River, kusini-magharibi mwa Australia, kurasa za michezo hujaa picha za ufuo wa Surfers Point na mashamba ya mizabibu yaliyo nyuma yake. Mwaka 2022 shangwe ilizidi, kwani aliyetwaa ushindi ni kijana aliyekulia hapohapo, Jack Robinson, ambaye miaka miwili baadaye alivishwa medali ya fedha ya Olimpiki huko Tahiti. Mawimbi yenyewe tumekwisha kuyaeleza: huzaliwa na dhoruba za kusini ya mbali, yakaja bila kukuta kizuizi. Bahari ni hii hii ya Hindi inayopiga Mombasa na Mtwara, ila huku kwetu Madagaska na miamba ya matumbawe hutupunguzia makali.

Leo ni zamu ya majina, maana katika pwani ile majina yana deni.

Rasi ya Leeuwin, ambako mnara wa taa umesimama tangu karne ya 19, iliitwa kwa jina la merikebu ya Waholanzi iliyopita mwaka 1622. Mwaka 1801 baharia Mfaransa aitwaye Vasse alichukuliwa na mawimbi katika ghuba ya Geographe, wenzake wakatweka tanga wakaenda zao. Mto ukapewa jina lake. Kisha mwaka 1967 Dk. Tom Cullity, daktari wa moyo kutoka Perth, akapanda mizabibu baada ya kusoma maandishi ya mtaalamu wa kilimo John Gladstones, aliyeona kuwa hali ya hewa ya huko inashabihiana na ya Bordeaux. Shamba akaliita Vasse Felix, yaani Vasse mwenye bahati, kana kwamba anamfariji marehemu. Ndege walipozishambulia zabibu zake, Cullity alileta kipanga awafukuze. Kipanga alipofunguliwa akaruka, akapotea moja kwa moja. Naye amepata heshima yake: picha yake imo kwenye nembo ya chupa. Msomaji asiyegusa mvinyo hapungukiwi kitu kwa kuijua hadithi hiyo.

Baharia aliyepotea ana mto na shamba. Kipanga mtoro ana nembo. Sasa tumtazame aliyeokoa watu.

Desemba 1876 meli ya mvuke Georgette, ikiwa na abiria na shehena ya mbao, ilianza kuvuja ikakwama karibu na ufuo unaoitwa leo Redgate. Aliyeiona kwanza ni Sam Isaacs, mchunga ng'ombe mwenye asili ya wenyeji wa Australia, aliyeajiriwa na ukoo wa Bussell. Alikimbia kupeleka habari nyumbani kwa waajiri wake. Yeye na Grace Bussell, binti wa miaka 16, wakapanda farasi, wakashuka nao genge na kuingia kwenye mawimbi, wakarudi tena na tena, watu wakining'inia kwenye matandiko. Kazi ilichukua saa kadhaa, na waliovushwa wanakadiriwa kufika 50.

Grace alipewa medali ya fedha, Isaacs ya shaba. Magazeti ya enzi hizo yalimtukuza binti, na mji mdogo wa Gracetown ukaja kuitwa kwa jina lake. Isaacs baadaye alipata ardhi ekari 100, na jina lake likabandikwa kwenye jiwe lililo baharini, mkabala na pale meli ilipozama. Hakuna anayemnyima Grace sifa. Farasi wake aliogelea kama wa mwenzake. Lakini aliyeona meli kwanza, akakimbia kwa miguu kuleta habari, kisha akaingia majini mara zile zile, alistahili walau medali ya madini yale yale.

Gracetown ilirudi kwenye habari Aprili 2018, papa walipowajeruhi watelezaji wawili karibu nayo siku moja, na mashindano ya mwaka huo yakavunjwa. Wageni hawakukoma. Wanaendelea kumiminika kwenye mapango ya chokaa na kwenye gati la mbao la Busselton lenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu.

Wawadandi, wenyeji wa tangu kale, wana jina lao la mto Margaret: Wooditjup. Kiambishi "-up" humaanisha mahali, kama "-ni" yetu katika Forodhani na Mtoni. Wooditj ni mganga ambaye, kwa masimulizi yao, aliuchora mto kwa fimbo yake. Hifadhi ya Taifa ya Bramley iliyo kando ya mji sasa inaitwa Wooditjup, na pango la Yallingup linaitwa Ngilgi. Anayetoka kuonja mvinyo akashika njia ya Redgate atakuta watu na mbao zao za kutelezea wakisubiri wimbi, mabaki ya Georgette yakiwa chini ya maji, na jiwe la Isaacs limesimama mbele yao.