Chuma kikuukuu kilichotwaa ubingwa Kyalami

Oktoba 15, 1983, Kyalami, Afrika Kusini. Ni mbio za mwisho za msimu wa Formula One na msimamo unasomeka hivi: Alain Prost wa Renault pointi 57, Nelson Piquet wa Brabham 55. Rene Arnoux wa Ferrari yuko nyuma na 49, lakini naye bado anahesabu kwa vidole. Shabiki wa soka anaijua siku ya namna hii, ile ya kutazama mechi moja huku sikio liko kwenye nyingine.

Kituko kilikuwa nyuma ya mgongo wa Piquet. Injini yake ilitokana na bloku ya chuma ya silinda nne ambayo BMW waliingiza sokoni mwaka 1962 kwenye gari la familia, BMW 1500. Gari la kwendea kazini na kurudi, basi. Miaka 21 baadaye bloku hiyo imefungwa turbo na inawania taji la dunia.

Turbo haina uchawi. Moshi wa ekzosi unazungusha feni ndogo, na feni hiyo imeungwa kwenye mhimili mmoja na feni ya pili inayovuta hewa safi na kuishindilia ndani ya silinda. Hewa ikizidi, petroli inaongezwa, nguvu inapanda. Shida ni kwamba hewa iliyoshindiliwa inachemka, na mchanganyiko ukilipuka kabla ya wakati wake, pistoni zinatoboka. Anayefunga turbo kwenye injini ya zamani bila kugusa kitu kingine ajiandae kununua injini nyingine.

BMW waliijua adha hiyo mapema. Mwaka 1969 walifunga turbo kwenye BMW 2002 ya mashindano, Dieter Quester akabeba nayo ubingwa wa Ulaya. Mwaka 1973 wakaileta mtaani kwa jina la 2002 Turbo, nguvu za farasi 170, wakati ndugu yake 2002 tii asiye na turbo alikuwa na 130. Kuokoa pistoni, walishusha uwiano wa mgandamizo kutoka 9.5 hadi 6.9. Matokeo yake gari likawa zito kwenye mwendo mdogo, halafu turbo ikiamka, linaruka. Aliyekuwa katikati ya kona wakati huo alijua mwenyewe! Mbele liliandikwa 'turbo' kinyumenyume ili dereva aliyetangulia alisome kwenye kioo chake na kupisha. Mbwembwe hazikudumu. Mgogoro wa mafuta ulibisha hodi mwaka huohuo, yakatoka magari 1,672 tu.

Lakini Paul Rosche, mhandisi wa BMW, hakuitupa bloku ile. Sheria za Formula One ziliruhusu injini ya turbo ya lita 1.5 kupambana na za lita 3 zisizo na turbo, naye akakifunga chuma kilekile kichwa kipya cha valvu 16. Inasimuliwa kuwa mafundi wake walipenda bloku zilizokwisha kutembea maelfu ya kilomita kuliko mpya za kiwandani, kwa sababu chuma kilichochemka na kupoa mara nyingi kimeshatulia, hakipindi tena. Ni kama kocha anayempanga beki mkongwe fainali na kumweka kinda benchi.

Mwanzo ulikuwa wa aibu. Juni 1982 kule Detroit, Piquet, akiwa bingwa mtetezi, alishindwa hata kufuzu kuanza mbio. Wiki moja baadaye akashinda Montreal na injini ya aina ileile.

Sasa Kyalami. Piquet aliondoka na mafuta machache, gari jepesi, akawakimbia wote. Arnoux akaaga mapema. Mzunguko wa 35, Prost akaingia kwa mafundi na hakutoka tena. Kilichomuua? Turbo. Renault ndio walioileta turbo Formula One mwaka 1977, na siku ya kuvuna ikawageuka.

Piquet hakutaka ubabe. Akapunguza presha ya turbo, akamwachia mwenzake Riccardo Patrese ushindi, akamwacha na Andrea de Cesaris apite, akamaliza wa tatu. Pointi nne zikamtosha: 59 dhidi ya 57, bingwa wa kwanza wa dunia kwa gari la turbo.

Bloku mama iliendelea kufungwa kwenye BMW za kawaida hadi 1988, zile za kwendea kazini na kurudi.