Gari Linalozima Njiani Huwa Limekwisha Kubisha Hodi

Juma hili nimeona tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelizoea mpaka tumeacha kuliogopa, nalo ni magari yetu ya familia, hasa haya ya aina ya Noah, kuzima ghafla yakiwa barabarani. Pale Makorora ninapoishi, si ajabu kukuta asubuhi vijana wanne watano wakisukuma Noah kuitoa katikati ya njia, watoto wa shule wakiwa ndani na mabegi magotini. Wanaisukuma kuiweka pembeni tu, maana gari la gia za otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Kisha anatokea msamaria mwema na waya za kubusti, gari linawaka, watu wanacheka, safari inaendelea. Hakuna anayeuliza kwa nini limezima.

Nasema jambo hili ni la kuogopwa kwa sababu ya kile gari hili linachobeba. Noah ina nafasi ya watu wanane, na sisi tunajua kuwa wanane wetu huwa kumi. Ndilo gari la kumpeleka bibi harusi, la kwenda msibani Korogwe, la kumkimbiza mama mjamzito Bombo usiku wa manane. Likizima mchana hapa mjini ni usumbufu. Likizima usiku kati ya Muheza na Segera, taa zote zimekufa na malori yanakuja nyuma, ni ukoo mzima umekaa katikati ya hatari.

Wazee wetu hulishangaa jambo hili. Wanakumbuka Land Rover za dizeli ambazo zikishawaka zilikwenda hata kama betri imekufa. Hawakosei. Dizeli ya zamani ilipata mafuta kwa pampu iliyozungushwa na injini yenyewe, wala haikuhitaji cheche. Noah ya petroli, iliyoanza kutengenezwa Japani mwaka 1996, na ile ya umbo jipya iliyofuata mwaka 2001, ni jamii nyingine kabisa. Pampu yake ya mafuta huendeshwa kwa umeme, cheche hutoka kwenye koili kwa umeme, na kompyuta ndiyo inayoamua mafuta kiasi gani yaingie na saa ngapi. Ukiondoa umeme, injini haina cha kufanya ila kunyamaza, hata kama tangi limejaa.

Sasa umeme huo unatoka wapi? Tuchukue mfano wa nyumba. Betri ni akiba iliyowekwa kabatini. Oltaneta, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini, ni mshahara. Ukiwasha gari unachukua akiba kuzungusha stata. Injini ikishanguruma, matumizi yote yanalipwa na mshahara, na kinachobaki kinarudishwa kabatini. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limezimwa na limepumzika, husoma volti 12.6 hivi kwenye mita. Ikisoma 12 tu, akiba imekaribia kwisha. Injini ikiwa inanguruma, mita inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki palepale kwenye 12, mshahara hauingii, na familia inakula akiba bila kujua.

Na akiba hiyo si kubwa. Taa kubwa mbili za mbele peke yake hula kiasi cha ampea 9 au 10. Ongeza pampu ya mafuta, koili, feni ya rejeta, feni ya kiyoyozi, waipa na redio, utafika ampea 25 au 30 bila shida. Betri ya ampea 45 kwa saa, hata iwe mpya na imejaa, kwa hesabu hiyo itashika saa moja na nusu. Injini yenyewe huzima kabla ya hapo, kwa kuwa kompyuta na pampu havivumilii umeme hafifu. Na ikiwa betri imekwisha kuzeeka, kata nusu au zaidi. Kutoka hapa Tanga mjini mpaka Segera ni kiasi cha kilomita 70. Gari linaloondoka usiku na oltaneta iliyokufa huenda lisiione Segera.

Mwaka jana niliyaona haya kwa macho yangu. Tulikuwa tunarudi kutoka msibani Korogwe katika Noah ya shemeji yangu, watu wazima sita na watoto wanne. Gari lilikuwa limenunuliwa betri mbili katika miezi mitatu kwa ushauri wa gereji moja ambayo sitaitaja. Tulipopita Segera, redio ilikata yenyewe. Baadaye taa za mbele zikageuka rangi ya chai. Waipa zikawa zinapanda kioo kama mzee anayepanda ngazi. Kabla ya kufika Muheza injini ikatetemeka, ikazima. Tulitoa watoto kwenye majani, na lori lililofuata lilipita karibu kiasi cha kulitikisa gari. Asubuhi yake fundi wa Muheza alifungua oltaneta akatuonyesha kaboni mbili, vipande vidogo kama kucha ya kidole gumba, zimelika zimekwisha. Hizo ndizo zilizoua betri mbili, na bei yake haikaribii hata robo ya betri moja.

Ndiyo maana nasema gari huwa limebisha hodi. Taa ndogo nyekundu yenye picha ya betri kwenye dashibodi ikiwaka gari likitembea, haina maana kwamba betri ni mbovu. Maana yake ni kwamba oltaneta haichaji. Aidha, zipo taa hafifu zinazong'aa ukikanyaga mafuta, stata inayozunguka kwa uvivu asubuhi, na mkanda unaopiga kelele unapowasha kiyoyozi. Dalili ya mvua ni mawingu.

Lakini si kila kuzima kunatokana na oltaneta. Gari likizima, kabla ya kulaumu chochote, angalia dashibodi na jaribu honi. Kwanza, ikiwa vitu vilififia taratibu kabla ya injini kuzima, mshukiwa ni oltaneta au mkanda wake. Pili, ikiwa kila kitu kimekufa kwa mpigo, honi, taa na dashibodi, kama vile mtu amekata uzi, tafuta penye njia kuu ya umeme: vichwa vya betri, waya wa athi, fyuzi kuu, au swichi ya ufunguo. Tatu, ikiwa injini pekee imezima lakini redio inaimba na taa zinawaka vizuri, umeme mkuu upo. Hapo fundi atazame pampu ya mafuta, koili, alamu, au sensa inayosoma mzunguko wa injini. Sensa hiyo ina tabia ya kugoma ikipata joto na kurudi kazini ikipoa. Ukisikia mtu anasema gari lake huzima likichoka na kuwaka likipumzika, mara nyingi anaisema hiyo.

Hilo la pili, la kila kitu kufa kwa mpigo, linatuhusu sana sisi watu wa pwani. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Chumvi hiyo huingia ndani ya viungo vya waya, shaba ikaota ukungu wa kijani na vichwa vya betri vikaota unga mweupe. Unga huo haupitishi umeme vizuri. Waya wa athi, ule unaounganisha upande hasi wa betri na bodi na injini, hufungwa mahali pa chini panaporushiwa maji na matope, na ndio unaosahauliwa kuliko waya zote. Kiungo kilicholegea kinaweza kushika miezi mingi, kisha siku moja kwenye shimo la barabara kikaachia.

Dawa yake haihitaji chuo. Gari likiwa limezimwa, fungua kwanza kichwa cha upande hasi, kisha chanya. Safisha kwa maji ya uvuguvugu na brashi ya waya mpaka risasi ing'ae, kausha, funga kwa kukaza, ukianza na chanya na kumaliza na hasi, kisha paka grisi juu. Fanya hivyo kila baada ya miezi mitatu, na mwambie fundi afanye vivyo hivyo kwenye athi.

Lipo na baya zaidi ambalo si la chumvi wala bahari, ni la mikono yetu wenyewe. Gari limefika kutoka Japani na nyaya zilizofungwa kiwandani kwa mpango. Tunataka redio kubwa, spika za kutikisa mtaa, taa za rangi, televisheni kwa watoto, alamu, na swichi ya siri ya kumzuia mwizi. Kila kimoja kinadukuliwa kwenye waya wa kitu kingine, kinasokotwa kwa vidole na kufungwa na karatasi ya gundi. Swichi ya siri mara nyingi hukata waya wa pampu ya mafuta. Kiungo hicho kikilegea, mwizi hayupo lakini gari limezimwa. Halafu fyuzi ikiungua tunaweka waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi ni mlinzi aliyekubali kufa ili nyumba isiungue. Ukimwondoa na kuweka chuma mahali pake, shoti ikitokea waya wote ndio utakaoungua, na watoto wako wamekaa juu yake.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya nchi zetu tu. Mwaka 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani iliyaita magari milioni 2.6 kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyokuwa laini mno. Ufunguo uliweza kurudi nyuma gari likiwa kwenye mwendo, injini ikazima, na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria isifumuke wakati wa ajali. Mfuko wa fidia wa kampuni hiyo ulikubali madai ya vifo 124. Mwaka huohuo Chrysler nayo iliyaita mamia ya maelfu ya magari, yakiwemo yale ya familia ya Town & Country na Grand Caravan, kwa tatizo la namna hiyohiyo. Wenye magari ya General Motors waliambiwa kwamba, wakati wakisubiri matengenezo, waondoe kila kitu kwenye shada la funguo, ubaki ufunguo wa gari peke yake.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza ni jepesi: ule mzigo wa funguo za duka, za geti na za kabati unaoning'inia kwenye swichi ya gari lako, uondoe leo. Swichi ya miaka 20 imekwisha kulika vya kutosha. La pili ni zito zaidi. Kule kampuni ilijua nani ana gari lipi ikamwandikia barua. Gari lako wewe limepita mnadani, melini, na kwa wenye wawili watatu hapa nchini. Barua ya kiwandani haitafika Makorora. Namba ya chasisi ndiyo unayoweza kumpelekea wakala wa kampuni ukauliza kama gari lako liliwahi kuitwa. Usipouliza, hakuna atakayekuambia.

Sasa, likizima mkiwa kwenye mwendo dereva afanye nini? Kwanza asizungushe ufunguo mpaka mwisho na kuuchomoa, maana usukani unaweza kujifunga. Usukani utakuwa mzito, lakini unageuka ukitumia nguvu. Breki nazo zina akiba ya msaada wa kukanyaga mara moja au mbili tu. Basi kanyaga mara moja, kwa nguvu, bila kupampu. Weka gia huru, serereka upande wa kushoto mpaka utoke kabisa kwenye lami, washa taa za tahadhari kama zinawaka. Abiria watoke kwa mlango wa kushoto, na wakae mbali na barabara, wasirudi kukaa ndani kwa sababu kuna baridi au mbu. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe nyuma, hatua 50 au zaidi. Matawi ya miti tuliyoyazoea hayang'ai usiku.

Na kwa mafundi wetu nina neno la heshima. Ninyi ndio mnaotufikisha. Lakini ile desturi ya kuchomoa kichwa cha betri injini ikinguruma ili kuipima oltaneta, iacheni. Ilifaa magari ya zamani. Kwenye gari la kompyuta, umeme hupanda ghafla na unaweza kuua kompyuta yenyewe. Tumieni mita. Nawe mwenye gari, ukiambiwa nunua betri, mwambie fundi kwa adabu: nionyeshe kwanza mita inasomaje gari likiwa limezima, na inasomaje likiwa linanguruma. Mafundisho ya dakika mbili yatakuokoa na betri ya pili.

Betri, mkanda, athi, fyuzi na funguo ni vitu vya kutazamwa na jua la asubuhi, uani kwako, kabla abiria hawajapanda. Wikiendi hii wapo watakaokwenda harusini na wapo watakaokwenda mazikoni, wote kwa Noah. Fungueni boneti kwanza.