Mtoto Anapougomea Usingizi

Mtoto wa miezi mitatu hulala popote: mgongoni, kwenye daladala ya kwenda Igoma, hata katikati ya kelele za soko la Mwaloni pale Kirumba, Mwanza. Akifika miezi minane au tisa, mambo hubadilika. Ameshaoga, ameshiba, anajifikicha macho. Lakini akilazwa tu anajipinda mgongo, anang'ang'ania kanga ya mama na kulia kana kwamba amefinywa. Majirani husema anadeka. Hadeki. Akili yake imepiga hatua, na hatua hiyo inamtia hofu.

Hofu hiyo ilifuatiliwa kwa karibu kwenye ukanda huu huu wa Ziwa Victoria, upande wa Uganda. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizitembelea familia 26 za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala, zenye watoto 28 ambao hawajaachishwa ziwa. Alikaa na akina mama nyumbani kwao, akaandika mtoto analia lini na nani anamnyamazisha. Kitabu chake kilitoka 1967. Aliona watoto waliokuwa wakienda kwa kila mtu wakianza kumtambalia mama, na kulia anapotoka chumbani. Mama akiwa karibu, mtoto alithubutu kwenda kuchezea vitu. Akiondoka, ujasiri ulipungua.

Kwa mtoto wa umri huo, kulala ni kuachana na mama. Amekwisha kujua kwamba mama yupo hata asipoonekana, ila hana hakika kama atarudi. Ndiyo maana ushauri wa kumfungia chumbani alie mpaka achoke haufai kwa familia nyingi za Mabatini au Bugarika, ambako wazazi na watoto hulala chumba kimoja. Wasijilaumu kwa hilo. Mama akikaa kando yake, mkono kifuani pa mtoto, wimbo ule ule kila usiku na sauti ikishuka kidogo kidogo, watoto wengi hutulia.

Mara nyingi tatizo ni saa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 anahitaji usingizi wa saa 12 hadi 16 kwa siku, ule wa mchana ukiwamo. Wa miezi sita hulala mara tatu hivi mchana. Wa miezi tisa mara mbili. Akikaribia mwaka na nusu, mara moja. Migomo mingi ya mchana huzuka hapo, kwa sababu mtoto amekua lakini bado analazwa kwa ratiba ya zamani. Wa miezi tisa aliyeamka saa 1 asubuhi huwa tayari kulala kwenye saa 4. Akisinzia mpaka saa 12 jioni, asitarajiwe kulala saa 2 usiku. Kumnyima usingizi wa mchana ili achoke nako hakusaidii: mtoto aliyechoka kupita kiasi hulia zaidi na hulala kwa taabu.

Biashara ya dagaa huongeza ugumu wake. Wavuvi huingia ziwani usiku wa giza wakiwa na taa na kurudi alfajiri, kwa hiyo mama anayenunua na kuanika dagaa hutoka nyumbani mtoto akiwa bado amelala. Mwezi ukiwa mpevu uvuvi husimama, naye anashinda nyumbani. Mtoto anapata ratiba mbili ndani ya mwezi mmoja. Zile siku za giza hufidia usiku maziwa aliyoyakosa mchana, na hukataa kulala mapema kwa sababu ndiyo kwanza amempata mama yake. Huyo apewe nusu saa ya kunyonya na kucheza, simu na ungo wa dagaa vikiwa pembeni, ndipo alazwe. Bibi au dada anayebaki naye mchana afuate mpangilio ule ule: uji, kuoga, wimbo, chandarua. Walioajiriwa nao wana haki yao: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto.

Jambo moja ni la kukemewa bila kumung'unya maneno: kumpa mtoto dawa ya maji ya mafua au mzio ili asinzie. Promethazini, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, haipaswi kupewa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kudhoofisha pumzi zake mpaka afe.

Tena si kila mgomo ni wa ukuaji. Mtoto aliyekuwa akilala vizuri akageuka ghafla, ana homa, anavutavuta sikio, anapumua haraka au anakataa ziwa, apelekwe kituo cha afya bila kungoja. Na kwa Kanda ya Ziwa, mwenye homa apimwe malaria kabla ya lingine lolote kudhaniwa.